Wauza matairi ya pikapu, mnajaza upepo kwa kukisia halafu waranti mnatunyima!

Wakuu, salaam. Nimeandika nikiwa na hasira, atakayeona lugha inakwaruza avumilie.

Nina Hilux dabo kabini, inapiga viazi kutoka Njombe kwenda Dar, ikirudi inarudi na chochote kinacholipa. Mwaka huu nikaona niachane na matairi laini ya kutembelea, nikanunua manne mapya ya LT (matairi ya magari mepesi ya mizigo), saizi 245/75R16, plai 10 (kiwango cha uimara wa tairi). Duka lenyewe ni kubwa, lina kiyoyozi na viti vya kusubiria, jina nalihifadhi kwa sasa. Moja la nyuma limepasuka ubavuni na kashata zake, yale meno yanayokanyaga barabara, bado ndefu kabisa. Nimelirudisha pamoja na risiti, najibiwa waranti haipo kwa sababu "tairi limetembea na upepo usio sahihi."

Sawa. Nikauliza, upepo sahihi ni ngapi? Muuzaji akasema 80, si imeandikwa hapo ubavuni. Fundi wao akasema 60 kote. Meneja akasema inategemea. Inategemea nini? Akaanza kupokea simu.

Yaani watu watatu chini ya paa moja hawakubaliani, lakini kwenye kuninyima haki yangu wamekubaliana vizuri tu.

Sasa niseme kuhusu hiyo 80, maana nimeisikia nchi nzima. Namba ya ubavuni si upepo wa kuendeshea. Inakwambia kwamba tairi hili likibeba uzito wake wa mwisho, linahitaji PSI 80 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo) likiwa la baridi. Basi. Tairi halijui limefungwa kwenye Hilux, Land Cruiser au tela la ng'ombe. Siku ya kufunga nilimuuliza kijana, mbona unapiga 80 gari ikiwa tupu? "Bosi, hizi tairi za kazi." Nikaondoka pale nyuma inarukaruka kwenye vumbi kama mbuzi, na mvua ilipolowesha lami ya Makambako, matako ya gari yakawa yanataka kupita mbele. Ukijaza hivyo bila mzigo, tairi linakanyaga kwa mstari wa katikati tu. Breki zinashika kwa kuchelewa, katikati panakwisha kabla ya pembeni, na jiwe kali linakata kirahisi kwa sababu mpira umekaza.

Halafu kuna kitu hawakigusi kabisa: nozeli, pale unapojazia upepo. Zile za kawaida za mpira, za kusukuma ndani ya rimu, mwisho wake ni PSI 65. Ukitaka 80 zipo za presha kubwa, na za chuma pia, na hata rimu yenyewe iwe na uwezo huo. Mimi nilifungiwa za kawaida, kwa 80. Halafu mtu huyo huyo ananifundisha mimi upepo sahihi!

Inategemea nini? Ngoja nimsaidie meneja. Inategemea uzito ulioko juu ya kila tairi na aina ya tairi lenyewe. Watengenezaji wana jedwali la mzigo na upepo, liko wazi. Kwa saizi yangu hii, PSI 35 inabeba takriban kilo 770 kwa tairi, PSI 50 inabeba kilo 1,000, PSI 65 inafika kama 1,190, na 80 ndiyo inayokupa 1,380. Sasa chukua pikapu yako ikiwa imepakia, ipeleke kwenye mizani, upime magurudumu ya nyuma peke yake. Tuseme imesoma kilo 1,600. Gawa kwa mbili, kila tairi lina 800. Jedwali linataka chini kidogo ya 40. Ongeza akiba kwa ajili ya magunia yaliyolalia upande mmoja, weka 45. Iko wapi hiyo 80? Hata 60 ya nini? Mwenye Land Cruiser pikapu iliyokandamizwa mpaka nyuma inagonga 2,300, yeye kila tairi lina 1,150, huyo aende 65 na hana cha kubishana.

Na hili la "kote" ndilo linaniua. Viazi viko kwenye bodi, nyuma. Mbele uzito haubadiliki sana, kwa hiyo mbele unabaki karibu na kile kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisomeni jamani, wengine mmenunua gari miaka na hamjakiona. Kikiwa kwa kPa, 240 ni kama PSI 35. Ila kumbukeni kiliandikwa kwa matairi ya kiwandani. Ukihama kutoka tairi la gari dogo kwenda LT, kwa upepo ule ule LT linabeba pungufu, kwa hiyo lazima upande kidogo. Kazi ya kumwambia mteja hivyo ni ya nani kama si ya anayemuuzia?

Sasa tuje kwa ndugu zangu wa kandokando ya barabara. Umeshuka mteremko wa Kitonga kwa gia ndogo, breki zimechemka, joto limeingia mpaka kwenye rimu. Unafika Mikumi saa nane mchana. Unasimama upate chai, anakuja kijana na geji: "Mzee, upepo umezidi huu, nipunguze?" Usikubali! Tairi la moto linasoma juu kwa PSI nne, sita, wakati mwingine zaidi, na linatakiwa lisome hivyo. Upepo hupimwa gari likiwa limelala, au angalau limesimama kwa muda wa saa tatu. Akikutolea pale, kesho asubuhi una tairi lililopungua na tani ya mzigo juu yake. Ubavu unakunjwa na kunyooshwa kila mzunguko, ndani kunapikika, nyuzi zinaachana na mpira, halafu linapasuka ukiwa kwenye mwendo. Na geji zenyewe! Pima tairi moja kwenye kompresa mbili za mtaa mmoja uone kama zitakubaliana. Wengine hata geji hawana, wanapiga teke wanasikiliza.

Kama mnadhani nakuza mambo, Marekani mwaka 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliita yarudishwe matairi kama milioni 6.5, mengi yakiwa chini ya Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na magari kupinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Ford walikuwa wamependekeza upepo mdogo, PSI 26, baadaye wakapandisha hadi 30. Haukuwa upepo peke yake, matairi nayo yalikuwa na kasoro, lakini matukio mengi yalikuwa kwenye majimbo ya joto kama Texas na Florida. Bunge lao likatunga sheria, na ndiyo iliyoleta ile taa ya tairi kwenye dashibodi za magari mapya. Sisi taa ikiwaka tunaziba kwa selotepu.

Na msiniletee habari ya kujaza naitrojeni badala ya hewa. Hewa hii ya bure ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Nilipe elfu kadhaa kila tairi kwa hiyo asilimia iliyobaki, halafu mnijazie 80?

Wenye maduka mliomo humu, na najua mmo: muulizeni mteja anabeba nini kabla ya kushika mpira wa kompresa. Namba ya mbele na ya nyuma ziandikwe kwenye risiti, gari tupu na gari iliyopakia. Mkigoma kuandika, basi msitumie upepo kama sababu ya kukataa waranti.

Mwenye kujua duka la geji ya kueleweka Makambako au Iringa aweke bei hapa chini. Na aliyewahi kudai waranti ya tairi mpaka akalipwa, aje aseme alipitia mlango gani, kama ni barua ya wakili au Tume ya Ushindani. Tairi ninalo, risiti ninayo, na Jumatatu narudi pale dukani.