Eti damu ya mwanamke inaua mwanaume aliyeko ICU?

mama_wawili: Wakuu habari za usiku. Kaka yangu yuko ICU siku ya 3 leo, ajali ya bodaboda, kashaongezewa uniti 2 na tumeambiwa tulete watu wa kuchangia. Nikajipanga niende na mdogo wangu, binamu akatuzuia, eti kasoma kwamba damu ya mwanamke aliyewahi kubeba mimba inaua wanaume. Kweli au ananitisha tu?

jembe_la_mkono: Si aende yeye mwenye damu safi 😂

mtu_wa_maabara: Pole sana dada. Binamu hajatunga ila kaishia njiani. 2017 watafiti wa Uholanzi walipekua kumbukumbu wakaona wanaume wa chini ya miaka 50 waliopewa chembe nyekundu za wanawake waliowahi kubeba mimba walikufa zaidi, watu wakashtuka kweli. Ila kumbukumbu ni kumbukumbu, basi Ottawa kule Canada wakagawa wagonjwa zaidi ya 8,700 kwa bahati nasibu, hawa damu ya wanaume tu wale ya wanawake tu, daktari hajui mgonjwa hajui. Majibu yakatoka 2023, vifo havikutofautiana.

chizi_fresh: Sasa hiyo mimba inaingiaje hapo?

mtu_wa_maabara: Ukiwa na mimba mwili unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za kwenye chembe za mtoto, zile alizorithi kwa baba, na kingamwili hizo zinakaa kwenye plazma, yale majimaji ya damu, hata miaka. Zikiingia kwa mgonjwa, mara chache sana, mapafu yanajaa maji. Ndo maana Uingereza tangu 2003 plazma wakaanza kuchukua zaidi ya wanaume na hilo tatizo likashuka.

chizi_fresh: Mkuu huku mikoani si tunawekewa damu nzima, plazma yake humohumo?

mtu_wa_maabara: Inatokea ndio. Hata ya mwanaume inataka uangalizi, akianza kuhema kwa shida ndani ya masaa 6 muite nesi hapohapo. Halafu dada utakayotoa inaenda benki, kaka anaweza kupewa ya mtu mwingine kabisa. Swali langu mimi, mtoto wa mwisho ana umri gani? Kama unanyonyesha watakurudisha.

mama_wawili: Miezi 5, wamenirudisha kweli 😅 Mdogo wangu katoa. Binamu kumbe alichangia mwezi uliopita, eti miezi 3 haijatimia. Haya.