Afande kaniambia "wewe mfupi, toa mikono mfukoni" mbele ya shule nzima. Mimi ni MWALIMU!

Chaki Kavu:
Wakuu, leo sisalimii. Salamu watatoa wenye amani.

Naandika nikiwa ofisi ya walimu, kipindi changu cha tano nimemwachia mwenzangu, mikono inatetemeka. Mikono yenyewe ipo juu ya meza, ionekane vizuri, asije akatokea mtu akanifokea tena.

Mnamjua yule afande. Simtaji, sina nguvu za kuitwa kituoni, lakini mnamjua. Yule ambaye kirungu kinaingia getini kabla yake. Bosi wetu anamwita kwa kila kitu. Mtoto kachelewa, afande. Mtoto kanyoa kiduku, afande. Siku panya alipoonekana stoo ya mahindi nilikaa dirishani kabisa kusubiri difenda.

Safari hii ni nondo ya kengele. Kengele yetu ni ringi ya gari bovu imening'inizwa mtini, na nondo ya kuigongea haionekani tangu Ijumaa. Nondo, wakuu! Kipande cha urefu wa mkono, kimepinda mwishoni. Shule ina mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa zamu, viranja thelathini na kitu, kamati ya nidhamu na bodi, wote hao wameshindwa na nondo. Ikapigwa simu.

Asubuhi mstarini, wimbo wa taifa umeisha, jamaa kapanda kibarazani. Mimi nimesimama nyuma ya kidato cha tatu, ndilo darasa langu. Mfukoni nina funguo za kabati, nazipapasa kama zipo. Jamaa anatangaza kwamba aliyeiba nondo anakwenda jela miaka 30. Miaka 30! Ninayoijua mimi ni ya anayempa mimba mwanafunzi, sheria ilibadilishwa 2016, na hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ya nondo ndiyo naisikia leo. Nikatikisa kichwa, kidogo tu. Kirungu kikanyooka upande wangu.

"Wewe mfupi, nyuma ya kidato cha tatu pale! Toa mikono mfukoni! Unadhani upo kijiweni?"

Nikageuka nimwone anayeambiwa. Nyuma yangu kuna ukuta wa choo.

Watoto mia sita waligeuka kwa pamoja. Mwaka wa 11 huu nafundisha, sijawahi kuwaona wakifanya kitu kwa pamoja vile, hata wimbo wa shule hawauimbi hivyo. Kimya kidogo, halafu ikalipuka. Kidato cha kwanza walianguka chini kwa kucheka. Dada mkuu, mtoto mwenye adabu zake, kajifunika uso na daftari. Na bosi? Bosi kasimama ubavuni mwa afande anakagua viatu vyake. Hakusema "afande, yule ni mwalimu". Maneno manne tu!

Kipindi cha tatu naingia darasani, nageukia ubao niandike tarehe, nyuma nasikia sauti: "Mwalimu, mikono!" Hawa ndio ambao wiki iliyopita nikikohoa mlangoni walikuwa wanasimama. Nikamwambia mmoja atoke nje, akaniuliza kwa upole kabisa, "Utamwita afande?" Wameshajua mwenye shule ni nani. Mimi nimebaki pambo, kama ile ramani ya Afrika ukutani.

Halafu mfupi. MFUPI!

Naomba kuwasilisha.

Kisiki cha Mpingo:
Pole sana mwalimu. Swali moja tu: ulitoa mikono au hukutoa?

Chaki Kavu:
Hilo siyo la msingi.

Mama Wawili:
Kwa hiyo alitoa 😂😂

Nipo Nimekaa Pale:
Mleta mada, weka urefu wako na mavazi ya siku hiyo tufanye uamuzi wa haki.

Chaki Kavu:
Futi tano na inchi tatu. Shati jeupe, suruali ya bluu. Ndiyo, najua, sare ya shule nayo ni shati jeupe na suruali ya bluu. Lakini nina KIPARA jamani. Mwanafunzi gani ana kipara?

Nipo Nimekaa Pale:
Afande alijua umetii agizo la kunyoa.

Mzee wa Ubao (mstaafu):
Vijana, haya yote yalianza mliponyang'anywa fimbo. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, mkuu wa shule achape mwenyewe au atoe idhini kwa maandishi, kisha viandikwe daftarini. Ukimaliza kujaza daftari mtoto kasharuka ukuta, yupo kwao anakula. Mkuu wa shule naye kuliko kuandika anaona heri apige simu. Enzi zangu mimi mwenyewe nilikuwa ndiyo kituo cha polisi.

Kisiki cha Mpingo:
Mzee wewe bado nina alama yako. Hukuandika daftarini.

Shangazi wa Nakuru:
Huku Kenya viboko vilipigwa marufuku 2001 na mabweni bado yanaungua. Mwaka wa 2021 DCI, polisi wa upelelezi, wakatangaza kwamba mwanafunzi akishtakiwa kwa fujo shuleni, rekodi itamfuata hadi kwenye cheti cha tabia njema akienda kutafuta kazi. Kijana wangu aliposoma akaniuliza, "Kazi gani hiyo, mama?" Nikakosa jibu.

Mwana wa Nyanda:
Mwalimu anadeka huyu. Mmesahau Mbeya 2019? Mkuu wa mkoa mwenyewe alishika fimbo akachapa wanafunzi kwa tuhuma za kuchoma mabweni, na Rais Magufuli akampongeza. Wewe umeambiwa utoe mikono, unafungua uzi.

Chaki Kavu:
Wale walikuwa wanafunzi! MIMI SIYO MWANAFUNZI! Ndiyo hoja yenyewe!

Wakili Asiye na Ofisi:
Kwa faida ya wasomaji: aliye chini ya miaka 10 hana jinai kabisa kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kama mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na akikamatwa hachanganywi na watu wazima mahabusu. Mleta mada, kwa muonekano wako ungewekwa upande wa watoto. Shukuru.

Mama Wawili:
Mimi nisimtetee huyo wa kirungu, ila siyo polisi wote. Shuleni kwa binti yangu alikuja mama mmoja wa Dawati la Jinsia na Watoto. Hakupanda kibarazani. Alikaa kwenye benchi chini ya mti kuanzia saa nne hadi wanatoka, anayetaka kuongea naye anakwenda. Mmoja alikwenda, na mjomba wa huyo mtoto sasa yupo ndani.

Nipo Nimekaa Pale:
Hapo sawa. Ila mtoto akishazoea kwamba polisi ni wa kutishia kuhusu nondo, siku ana shida ya kweli atamwendea? Turudi kwenye kipara.

Sare Moja:
Mimi ni askari, na nimeusoma uzi wote. Walimu mnatuita wenyewe, halafu mnakuja kutusema mtandaoni. Mwezi uliopita niliitwa shule moja haraka haraka, tumekwenda mbio, tumefika kosa ni barua ya mapenzi. Nilikabidhiwa kama kielelezo. Nikaisoma hadi mwisho, imeandikwa vizuri kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuchukua kituoni. Nikamwambia kijana aongeze bidii kwenye Kiswahili, nikaondoka. Na nondo siyo kazi yetu. Lakini mikono mfukoni mstarini, hapo mwenzangu hakukosea.

Bajaji Nyekundu:
Afande, kwa kuwa upo hapa: pikipiki yangu ipo kituoni tangu mwezi wa nne. Kosa niliambiwa litatafutwa.

Sare Moja:
Kituo gani?

Bajaji Nyekundu:
Nikitaja si ndiyo nitafuatwa?

Mwana wa Nyanda:
Yangu walinirudishia haina vioo. Nikauliza, nikaambiwa ilikuja hivyo. Mimi ndiye niliyeileta!

Kisiki cha Mpingo:
Afadhali vioo. Yangu ilirudi na tairi la mbele la pikipiki nyingine kabisa, jipya kuliko langu. Sijui nilalamike au ninyamaze.

Wakili Asiye na Ofisi:
Nyamaza.

Chaki Kavu:
TAARIFA MPYA. Nondo imepatikana. Ilikuwa jikoni, mpishi anachochea nayo kuni tangu Ijumaa. Anasema aliomba ruhusa kwa bosi, na bosi alimwambia chukua. Nasubiri difenda ije kumchukua bosi.

Bajaji Nyekundu:
Sawa mwalimu. Afande, nikija na kadi ya pikipiki inatosha au nije na mjumbe?

Sare Moja:
Njoo na kadi na leseni. Mjumbe mwache apumzike.

Chaki Kavu:
Basi ngoja niseme yote maana naona hamnisikilizi. Nilitoa mikono. Mara moja, yote miwili, funguo zikaanguka chini. Na nikasema "samahani afande". Kwa sauti. Kidato cha tatu wote walisikia.

Mwana wa Nyanda:
Mkuu, huu sasa ni uzi wa pikipiki. Fungua wa kwako.