Tupeane uzoefu: prosesa ndogo kwenye kompyuta ya mezani, nani ametumia ipi?

Mchapaji, Mbale: Wakuu, nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi. Umeme ukikatika nabaki na sola, betri moja ya volti 12, ampea-saa 100. Kompyuta yangu ya zamani inaimaliza kabla ya saa nane mchana. Nataka yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ndogo isiyokula umeme mwingi. Mtu aseme yaliyomkuta yeye, si aliyoyasoma.

Kasuku, Arua: Nina Raspberry Pi 4, kompyuta nzima kwenye bodi ndogo ya kiganjani, tangu 2021. Prosesa yake ina viini vinne vya Cortex-A72, kasi ya gigahezi 1.5, kwa barua na majedwali haina neno. Umeme wa kukatikakatika uliniulia memori kadi mbili, nikahamia SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya kuchomeka USB, yakaisha. Kilichonitoa jasho ni printa. Draiva yake ya Linux, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa, ilitengenezwa kwa x86 pekee, aina ya prosesa za kompyuta nyingi za mezani, na Pi ni ARM, aina ya prosesa za simu. Wiki nzima nilitembea na flashi kwenda kuchapia kwa jirani, namlipa kama mteja! Mwishowe niliuza printa, si Pi. Kaka, gigahezi baadaye, printa kwanza.

Mzee wa Jinja: Ndiyo maana nilichukua kisanduku chenye prosesa ya Intel N100. Ni x86, draiva ni zile zile za kompyuta za kawaida. Imeandikiwa wati 6, ila hiyo ni prosesa tu. Kisanduku kizima kinakula zaidi, usidanganyike. Changu ni cha volti 12, nikaona raha, nikakichomeka moja kwa moja kwenye betri. Kumbe sola ikichaji, betri hupanda hadi volti 14 na ushee. Siku ya tatu kikanuka. Cha pili nimekiwekea kirekebisha volti, kinadunda mwaka wa pili huu.

Nyuki: Pi 5, iliyoifuata Pi 4, ina kasi kweli, ila inataka chaja ya volti 5 ampea 5, na chaja za simu za mtaani hazifiki hapo. Halafu kisimbuzi cha H.264 (sehemu ya kufungua video za aina hiyo iliyozoeleka) kilichokuwa kwenye Pi 4 kimeondolewa, hivyo video nyingi zinabebwa na viini vyenyewe. Feni yangu haipumziki.

Gulu_RISC: Mimi nina VisionFive 2, bodi ndogo kama Pi, ila prosesa yake ni RISC-V, aina nyingine isiyo ARM wala x86. Msinicheke. Brauza inafunguka chai ikiwa imeshachemka.

Mchapaji, Mbale: Nimeangalia sasa hivi, draiva ya printa yangu nayo ni x86 tu. Basi N100. Mzee, hicho kirekebisha volti ni cha ampea ngapi?

Mzee wa Jinja: Tano. Na kiwe cha kupandisha na kushusha volti, ssebo (bwana), maana usiku betri huteremka chini ya 12.