Tupeane uzoefu: kupanda cheo polisi Uganda, ukabila na "mtu wetu"

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, kila orodha ya vyeo inapotoka Naguru, makao makuu ya polisi, kambi nzima hunong'ona. Huyu kapata kwa sababu ya kwao, yule kaachwa kwa sababu ya jina lake. Manung'uniko hayo yana uzito. Askari akikaa na cheo kimoja mwaka nenda mwaka rudi huku aliowafundisha kazi wakimpita, nyumba yake nzima inaumia. Ibara ya 21 ya Katiba ya 1995 imekataza ubaguzi wa rangi, asili, kabila, dini, jinsia na msimamo wa kisiasa, kwa hiyo sheria ipo. Tatizo ni kuithibitisha. Anayejua namna mambo yanavyokwenda ndani aeleze hatua kwa hatua. Tusitaje kituo wala kamanda.

Karani wa Masijala
Watu hutazama orodha ya mwisho, na hapo wamechelewa. Upendeleo huwa umeshamaliza kazi yake mapema, katika mambo matatu madogo: kozi, kukaimu na tathmini ya mwaka.

Kozi kwanza. Mwito huja kwa ujumbe wa redio, kikosi kikitakiwa kupeleka majina. Ujumbe ukifika Ijumaa na majina yakitakiwa Jumatatu, atakayepelekwa ni yule ambaye mkubwa anamkumbuka, na mkubwa humkumbuka wanayezungumza lugha moja. Hakuna aliyeandika popote kwamba kabila fulani lisiende kwenye vyuo vya polisi vya Kabalye au Bwebajja. Ila baada ya miaka mitano, mmoja ana kozi tatu na mwenzake hana hata moja, na orodha ikitoka itaonekana ya haki kabisa kwenye karatasi. Dawa yake ni kuomba kozi kwa barua kabla haijatangazwa, ili jina lako liwe limeandikwa na wewe ubaki na nakala.

Kukaimu ni hivyo hivyo. Nafasi inabaki wazi, mtu anawekwa "kwa muda", muda unageuka miezi na miezi, halafu sifa inayotafutwa inakuwa uzoefu katika nafasi hiyo hiyo. Ukiona hivyo, andika ukionyesha kwamba una cheo na sifa za kukaimu pia, na uulize nafasi itajazwa lini na kwa utaratibu gani.

Tathmini usiiache kwa mkubwa. Fomu isiyojazwa ni mbaya kuliko fomu yenye alama za wastani, maana anayepitia majalada haoni chochote juu yako. Jaza sehemu yako, ipeleke, na ukikuta maoni usiyokubaliana nayo andika pingamizi pale pale kabla ya kutia sahihi.

Sasa jalada lenyewe. Kagua namba ya jeshi, tahajia ya jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kujiunga, tarehe ya cheo ulicho nacho, vyeti na kumbukumbu za nidhamu. Jina la cheti likitofautiana na la kuandikishwa hata herufi moja, shahada yako inaweza kuhesabiwa kuwa ya mtu mwingine. Linaloumiza zaidi ni shtaka lililokwisha. Askari alishtakiwa katika mahakama ya polisi, akaachiwa, lakini hukumu haikufika kwenye jalada. Kwenye karatasi bado ana kesi, na mwenye kesi hapandi. Chukua nakala ya hukumu, iambatanishe na barua, na masijala wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala yako. Bila muhuri huo hukupeleka kitu.

Tepe Mbili
Afande, na hawa kadeti? Kijana anatoka chuo kikuu, anaingia juu ya sajini aliyekesha barabarani miaka yote.

Karani wa Masijala
Inauma, ndugu yangu, lakini usiipeleke kama kesi ya ubaguzi. Milango ya kuingilia ni mitatu: konstebo wa majaribio, inspekta msaidizi mwanafunzi, na kadeti wa cheo cha mrakibu msaidizi (ASP) mwenye shahada. Mlango wa kadeti uko wazi kisheria. Malalamiko yenye nguvu ni haya: makonstebo wawili wamepata shahada wakiwa kazini, wote waliomba kutambuliwa, mmoja kapandishwa na mwingine kaachwa bila sababu. Linganisha walio sawa. Ukimlinganisha sajini na kadeti, utajibiwa kwa mstari mmoja na faili litafungwa.

Wakili wa Mbale
Niongeze upande wa sheria, maana wengi wenye haki hupoteza kwa kugonga mlango usio wao.

Jua kwanza nani anaamua. Kwa Sheria ya Polisi, hadi cheo cha inspekta ni kazi ya Baraza la Polisi. Juu ya hapo ni Mamlaka ya Polisi, ambayo mwenyekiti wake ni Waziri wa Mambo ya Ndani, na ndani yake wamo Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Inspekta Jenerali. Mamlaka hiyo ndiyo pia husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Inspekta Jenerali. Mkuu wa kituo (OC) au kamanda wa polisi wa wilaya (DPC) hapandishi mtu cheo. Anapendekeza tu, au anakaa kimya. Kwa hiyo barua yako ilenge pendekezo lililokosekana, isimtuhumu DPC kwa uamuzi usio wake.

Halafu muda. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi, kanuni za mapitio ya kimahakama za 2009 zinakutaka ufungue shauri upesi, na kwa vyovyote ndani ya miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea. Marekebisho ya 2019 nayo yanamtaka jaji aangalie kama umemaliza njia za ndani. Hapo ndipo askari wanaponaswa. Anaandika barua kwa afisa wa wilaya, anasubiri, anaandika kwa mkoa, anasubiri, na anapofika kwa wakili miezi minane imekwisha. Barua za kukumbushia hazisimamishi saa.

Ninavyoshauri: andika tarehe orodha ilipotoka, au siku ulipojua kwamba umeachwa. Ndani ya wiki mbili peleka rufaa kupitia ngazi zako, nakala kwa mkurugenzi wa rasilimali watu, na mwishoni utaje tarehe unayoomba kujibiwa. Miezi miwili ikiisha kimya, tafuta wakili mara moja, ukiwa na barua zenye mihuri kama ushahidi kwamba njia za ndani ulizijaribu. Jaji anaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri, lakini usijenge kesi juu ya huruma.

Jua pia utakachopata. Jaji hakuvishi tepe. Anaweza kufuta uamuzi na kuamuru ufanywe upya kwa haki. Nguzo yako ni Ibara ya 42, inayompa kila mtu anayefika mbele ya ofisi ya serikali haki ya kutendewa kwa uadilifu na kwenda mahakamani akionewa.

Kuna milango mingine isiyo ghali. Tume ya Fursa Sawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2007, ina mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ubaguzi kama baraza. Tume ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko ndani ya miaka mitano tangu tukio. Na kama mkubwa kamweka ndugu yake, hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009. Lipeleke kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali (IGG).

Mpenda Hesabu
Kusema "wamejaa wao" si ushahidi. Marekani, ambako mashauri ya ubaguzi wa rangi katika idara za polisi ni mengi, mwongozo wa serikali wa 1978 uliweka kipimo kinachoitwa kanuni ya nne kwa tano: kiwango cha kundi lililoachwa kisipungue 0.8 ya kiwango cha kundi lililopata zaidi. Si sheria ya Uganda, lakini ni njia nzuri ya kupanga hoja.

Chukua mfano wa kubuni. Kutoka mkoa A walistahili askari 40, wakapandishwa 20: asilimia 50. Kutoka mkoa B walistahili 50, wakapandishwa 15: asilimia 30. Gawanya 30 kwa 50, unapata 0.6. Iko chini ya 0.8, kwa hiyo wakubwa wana swali la kujibu.

Watu hukosea kwenye namba ya chini. Wanahesabu askari wote wa kabila hilo, au watu wote wa mkoa, badala ya waliokuwa wametimiza sifa siku hiyo. Kosa la pili ni kugawa kwa kabila moja moja. Katiba inaorodhesha jamii 65. Ukigawa orodha ndogo kwa jamii hizo, kila kundi litabaki na mtu mmoja au wawili, na mmoja akikosa hesabu yote inapinduka. Hesabu kwa mikoa, na uunganishe orodha za miaka kadhaa. Na usikisie kabila kwa jina. Majina ya Kikristo na ya Kiislamu hayasemi kitu, na watoto wa kambini wamezaliwa na wazazi wa pande mbili.

Mzee wa Nsambya
Vijana wasidhani jambo hili limeanza na serikali hii au ile. Mkoloni ndiye aliyependelea kuajiri askari kutoka kaskazini, akiamini kuna makabila ya vita na makabila ya ukarani. Kila utawala uliofuata ulikuta mizani imeshainama, ukaiinamisha upande wake. Mnaotoka pande zilizowahi kupendelewa, msikasirike mwenzenu anapohesabu. Na ninyi mnaohesabu, hesabuni hata inapowahusu watu wenu.

Dada wa Pensheni
Mnazungumzia tepe, mimi nizungumzie chakula cha uzeeni. Pensheni ya mwaka ni miezi ya utumishi mara mshahara wa mwaka, gawanya kwa 500. Theluthi yake mara 15 ndiyo mkupuo, theluthi mbili zinazobaki hulipwa kila mwezi.

Sema cheo ulichonyimwa kingekuongezea shilingi 100,000 kwa mwezi, na unastaafu na miezi 300. Kwa mwaka ni 1,200,000. Mara 300, gawanya kwa 500: 720,000. Mkupuo wako umepungua 3,600,000, na kila mwezi hadi kufa unakosa 40,000. Hesabu hii iandike kwenye malalamiko, kwa sababu inageuza uchungu kuwa hasara inayopimika.

Na aliyepandishwa asilale. Hakikisha cheo kipya kimeingia kwenye mfumo wa mishahara. Mtu akistaafu huku mfumo bado unamwonyesha na cheo cha zamani, pensheni hukokotolewa kwa hicho cha zamani, na kurekebisha ukiwa nje ya kambi ni safari nyingi za Kampala.

Karani wa Masijala
Mpenda Hesabu atauliza hizo namba zinatoka wapi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ukikataliwa au wakinyamaza, unalalamika kwa hakimu mkuu.

Omba vigezo vilivyotumika, idadi ya nafasi zilizokuwa wazi, idadi ya waliotimiza sifa kwa kila mkoa, na kumbukumbu za kikao kilichopitisha majina. Usiombe jalada la mwenzako, maana utajibiwa kwamba ni faragha yake na ombi lote litakwama hapo.

Na tafadhali, msirushe orodha na lawama kwenye WhatsApp au kwa waandishi wa habari. Mtageuka kuwa washtakiwa wa nidhamu, na wenye hoja watakuwa wale mnaowalalamikia. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2010 inakukinga ukipeleka habari kwa ofisi zilizotajwa humo, kama IGG, Tume ya Haki za Binadamu au ofisi ya mwakilishi wa Rais wilayani (RDC). Peleka huko kwa mkono, nakala mbili, moja irudi nyumbani na muhuri.