Magitaa mawili ya rock yamekuwa uji, mwimbaji hasikiki

Kijana wa Tudor
Salam aleikum mafundi. Nina miksi ya rock: ngoma, besi, mwimbaji mmoja, magitaa mawili ya distosheni (sauti iliyokwaruzwa makusudi). Kila gitaa likilia peke yake ni nene, tamu. Nikifungua vyote, besi haijulikani iko wapi na mwimbaji anamezwa. Nimempandisha hadi mita ikawaka nyekundu. Nikate wapi kwenye ikwalaiza, kile chombo cha kupunguza na kuongeza besi, kati na juu?

Fundi Waya
Unene huo unaousifu ndio unaokumaliza. Zima solo, kile kitufe cha kusikiliza ala moja peke yake, ikwalaizi vyote vikilia pamoja.

Anza chini. Uzi mnene wa gitaa unatoa 82 Hz (mitetemo kwa sekunde), wa besi 41 Hz. Chini ya 82 gitaa halina noti, lina mngurumo tu: feni, kishindo cha mguu, umeme wa 50 Hz. Weka filta ya kukata chini yenye mteremko wa 12 dB kwa oktavu (sauti inapungua desibeli 12 kila masafa yakishuka nusu), ipandishe polepole kutoka 60 Hz mpaka usikie gitaa linakonda, kisha irudishe kidogo. Mara nyingi utasimama kati ya 80 na 120. Usikimbilie 200! Zile noti zinazozibwa kwa kiganja zina kifua chao kati ya 100 na 200; ukizifyeka unabaki na mlio wa kopo.

Uji wenyewe uko 250 hadi 400 Hz. Punguza 3 dB, Q (upana wa mkato) ya 1 hivi. Halafu mpishe mwimbaji: toa 2 dB kwenye magitaa kati ya 2 na 4 kHz, pale anapoimba tu. Akinyamaza, rudisha.

Bi Kinanda
Fundi, umeruka hatua. Magitaa yamekaa wapi? Moja kushoto kabisa, jingine kulia kabisa. Mwimbaji, besi, kiki (ngoma ya mguu) na snea (ngoma ndogo kali) katikati. Hapo nusu ya ugomvi imekwisha kabla hujagusa ikwalaiza. Ila yawe yamepigwa mara mbili kweli. Ukinakili faili ileile, masikio yatalisikia katikati vilevile. Na ukiichelewesha nakala milisekunde chache ili ipanuke, kwenye spika moja ya simu masafa mengine yatakatana, gitaa litasikika limetobolewa.

Gaini, kile kitasa cha kuongeza distosheni, umeweka ngapi?

Kijana wa Tudor
Nane. Na yamepigwa mara mbili, lakini yote yalikuwa katikati. Jambo jingine: moja limefifia. Nikiongeza 6 kHz linalia kama nyuki.

Bi Kinanda
Nane ni nyingi mno. Rekodi upya kwa tano. Yakiwa mawili, distosheni zinajumlishana. Gaini ikizidi, ule mshindo wa mwanzo wa pigo unabanwa, na ikwalaiza haiwezi kuurudisha.

Fundi Waya
Nyuki hao wanakaa 5 hadi 8 kHz. Spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kushuka baada ya 5 kHz, kwa hiyo ukirekodi kwa waya moja kwa moja bila kuiga spika, wote wanaingia. Washa kiigizo cha kabineti (boksi la spika), kata juu kuanzia 9 kHz.

Kufifia, angalia nyuzi yakhe. Chumvi ya pwani hii inazila upesi. Uzi wenye kutu hauna mng'ao wa kuongezwa. Unapandisha makelele tu. Funga mpya kabla ya kurudia, na uzipanguse jasho kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.