Mama haisikii sakafu, anasema nyumba imekuwa ngeni

Mwali wa Ngamiani: Asalaam alaykum wanajukwaa. Mama yangu ana sukari ya muda mrefu, tunaishi Ngamiani hapa Tanga. Sasa nyayo zimekufa ganzi mpaka juu ya vifundo. Kandambili ikimvuka anaendelea kutembea, hana habari. Akitia udhu inabidi atazame kama maji yamefika kisiginoni. Mchana anakwenda vizuri tu, ila macho yako chini. Umeme ukikatika hatoki kitandani, na nyumba hii aliingia bi harusi, anajua kila kizingiti.

Linaloniumiza ni maneno yake. Juzi amekalia mbuzi anakuna nazi (mikono bado hodari, alhamdulillah), akaniambia: "Mwanangu, nyumba hii kama nimeihama." Daktari ameshatueleza dawa na vidonda. Hili hakuna aliyenieleza. Ganzi ya miguu inawezaje kumtoa mtu nyumbani kwake?

Tabibu wa Pangani: Wa alaykum salaam dada. Usidhani ni uzee, mama anaeleza hali yenyewe. Mishipa ya fahamu ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, sukari huanza kuharibu huko. Na miguu hailetei ubongo maumivu na joto tu. Ngozi ya nyayo inaleta habari ya sakafu, misuli na viungo vinaleta habari ya mguu ulipo. Mwanasayansi Mwingereza Sherrington ndiye aliyeipa hisi hiyo ya mguu ulipo jina la kitaalamu, mwaka 1906. Kwa hisi hiyo mtu hupita gizani bila kufikiri. Ikipotea, macho hushika kazi yake, kwa hiyo taa ikizimika mama anabaki na sikio la ndani peke yake, lile linalosaidia mtu asiyumbe, nalo halitoshi.

Tuzo ya Nobeli ya tiba ya 2021 walipewa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kazi ya namna hii, jinsi neva zinavyopokea joto na mguso. Julius alianzia kwenye pilipili: kiwashacho ndani yake hufungua mlango uleule wa neva unaofunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi. Kwa mama, habari ya joto hilo haifiki tena. Maji ya kuoga mpimie wewe, kwa kiwiko. Nyayo zikague kila jioni, na asitembee peku hata uani.

Mvuvi wa Sahare: Mimi navua mshipi usiku. Wimbi silioni, nalijua kwa nyayo kwenye ngalawa, ndiyo maana namwamini mama. Mpe bakora, mkono utaisikia ardhi kupitia mti. Na mfungieni kamba ya katani ukutani, kutoka kitandani hadi msalani. Giza likiingia aifuate kwa kiganja.

Mwali wa Ngamiani: Nimemsomea. Kamba anaitaka, tena ifike na jikoni. Tabibu, anauliza: mikono nayo itafuata?

Tabibu wa Pangani: Huweza kufuata, lakini baada ya miguu. Sukari ikishikwa vizuri, kasi hupungua. Akianza kuchomwachomwa ncha za vidole, mrudishe kliniki wiki hiyohiyo.