Mjadala: Roboti kubwa lenye miguu lina kazi gani vitani?

Wakuu, kuna wanaoamini kwamba majeshi yataishia kupigana kwa maroboti makubwa yenye umbo la mtu, mwendeshaji akiwa ndani. Mimi napinga. Karibuni tubishane kwa hoja.

Kimo pekee kinatosha kuliua wazo hili. Kifaru cha Marekani kiitwacho Abrams kina mita 2.4 hivi kwa sababu wahandisi walipigania kila sentimita kisionekane. Hata hivyo, mwaka 2024 maofisa wa Marekani walisema Ukraine imeviondoa mstari wa mbele kwa kuhofia droni. Gundam, roboti la katuni za Kijapani lililoundwa na kusimamishwa Yokohama, Japani, lilikuwa na mita 18. Utalificha wapi? Kombora la kuulia vifaru la Javelin humfuata adui zaidi ya kilomita 2 na kumshukia utosini.

Halafu uzito. Ongeza kimo mara mbili bila kubadili umbo, uzito unapanda mara nane, ilhali nyayo zinapanuka mara nne tu. Gundam lile la tani 25 lilishikiliwa mgongoni na mhimili ndipo likanyanyua mguu. Kwenye matope ya masika nani atalishikilia?

MCHANGIAJI: Mkuu, umesahau milima. Magurudumu na minyororo ya vifaru hukwama penye majabali, miguu inapita. Na si lazima liwe la mita 18. Roboti la Wajapani la kupanda ndani, Archax, lina mita 4.5 na linauzwa.

MLETA MADA: Archax halipigi hatua, mkuu, linasogea kwa magurudumu. Kuhusu miguu, Marekani walishajaribu. Miaka ya 1960 General Electric walilitengenezea jeshi lao dude la miguu minne, na mwendeshaji alisogeza kila mguu kwa mikono na miguu yake mwenyewe. Alikuwa anachoka upesi mno. Baadaye kampuni ya maroboti ya Boston Dynamics ikaunda LS3, punda wa chuma wa kubebea mizigo. Mwaka 2015 askari wa Marine wa Marekani wakaachana naye kwa sababu kelele za injini zingewafichua askari.

Vitani leo kidogo ndicho kinachopenya. Panya buku wa shirika la APOPO, wanaofundishwa kunusa mabomu pale Morogoro, wanapita juu ya mabomu ya kutegwa ardhini wasiyalipue, kwa sababu ni wepesi. Anayetetea roboti la tani kadhaa anieleze litavukaje uwanja huohuo.